Mama Niliyemgombeza kwa Kuchelewa

Kazi yangu ni kuingiza mkono ndani ya ng'ombe. Nalisema mapema ili tusioneane haya huko mbele, kwa maana habari yenyewe ni ya sehemu hizo hizo. Napandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zinazotunzwa kwenye mtungi wa baridi, napima mimba, natibu yale ninayoruhusiwa kutibu, na kwa miaka ishirini na mitatu nimevaa glavu ya plastiki inayofika begani mara nyingi kuliko nilivyovaa tai. Watu huniita daktari. Daktari mwenyewe, yule mwenye digrii, ni bosi wangu na hukaa ofisini, lakini nimechoka kuwasahihisha, na kusema kweli nimelizoea jina.

Naishi Voi, chini kwenye joto. Wateja wangu wengi wako Wusi na vijiji vya karibu nayo, ambako mashamba yamekatwa kama ngazi ubavuni mwa mlima na ng'ombe hafunguliwi kwenda kuchunga. Hukaa bandani akiletewa majani, na mwenye ng'ombe humjua kama anavyomjua mwanawe: amekula nini, amekunywa ndoo ngapi, amekunya vipi. Ndiyo maana huwa sina huruma na mtu anayeniita kwa kuchelewa. Nina hasira za karibu, mke wangu ni shahidi, na hakuna kinachoziwasha kama kufika kwa pikipiki baada ya mwendo wote ule nikakuta mnyama ameshashindwa kusimama.

Mwaka juzi, mvua za masika zilipokuwa zinaisha, niliitwa na mama mmoja wa Wusi. Ni mjane, amenizidi kama miaka kumi hivi, na alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mweusi mwenye mabaka meupe, wa maziwa. Nilimkuta ng'ombe amelala, shingo ameikunja ubavuni. Nilipomfunua kope, ndani palikuwa peupe kama karatasi. Kinyesi kilikuwa na damu, na si damu ya siku hiyo.

Nikamwuliza mama aliiona lini mara ya kwanza. Akasema ni wiki ya tatu. Nikamwuliza kwa nini hakunipigia.

"Ilikuwa kidogo," akasema. "Nikadhani itaisha yenyewe. Na nikaona haya kukuita huku juu kwa sababu ya matone."

Hapo nilimgombeza. Sikumtukana, lakini niliongea kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwa sababu niliwaona wakisimama kwenye tuta la juu na majembe mkononi. Nilimwambia damu haina kidogo. Nilimwambia damu inayotoka mahali isipotakiwa kutoka si jambo la kungojea, ukiiona leo piga simu leo, na haya zako hazitamfufua ng'ombe. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniletea maji ya moto kwenye beseni, na sabuni, na taulo safi, akashika taulo huku mimi nikinawa. Akaniketisha, akanipa chai na kimanga cha mihogo na maharagwe yaliyopondwa, kwa kuwa huku kwetu hata mtu aliyekugombeza haondoki na njaa. Nilikula nimenuna. Ng'ombe alikufa kabla ya saa kumi.

Sasa naja kwenye sehemu ambayo sikumwambia mtu kwa miezi.

Asubuhi ile ile, kabla sijatoka Voi, niliona damu chooni kwangu. Haikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeiona kwa muda wa miezi miwili, siku ipo, siku haipo. Choo chenyewe kilikuwa kimebadilika pia: siku tatu sipati, halafu siku nzima nakimbizwa. Mkanda wangu ulikuwa umerudi tundu moja, nami nikajisifu kwamba tumbo linapungua. Kwa kila dalili nilikuwa na jibu tayari, majibu mazuri ya mtu wa utaalamu. Damu ilikuwa bawasiri, na bawasiri ilitokana na kukalia pikipiki kwenye barabara za mlimani. Kukonda ni jua. Kuhara ni maziwa ninayopewa kila boma. Nilienda duka la dawa nikanunua dawa ya kupaka, na muuzaji aliponiuliza ni ya nani, nikasema ni ya mzee mmoja wa huko juu.

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Baba yangu alikufa akiwa na hamsini na minne, kwa ugonjwa ambao nyumbani tuliuita "tumbo," tukaishia hapo. Tumbo gani, hatukuuliza.

Ukinishika ukanibana nikwambie kwa nini sikwenda hospitali, ningesema kazi ni nyingi. Ningekuwa nadanganya. Nilijua vizuri watakachonifanya. Najua jinsi ng'ombe anavyosimama, jinsi anavyokunja mgongo na kutazama ukuta, na nimewaona zaidi ya hesabu. Wazo la mimi kuwa upande ule wa glavu lilinitoa jasho. Tena Voi ni mji wa kujuana. Nusu ya wanaofanya kazi kwenye vituo vya afya wana mama au shangazi milimani, na huyo mama au shangazi ana ng'ombe, na ng'ombe huyo ananifahamu. Niliona afadhali niumwe kwa heshima zangu.

Ikapita miezi mitano. Damu ikawa haina tena siku ya kutokuwepo. Nikaacha kutazama. Nilikuwa navuta maji huku nimegeuza uso, mtu mzima, mwenye kazi ya kutazama mavi ya wanyama na kuyasoma.

Yule mama wa Wusi, kwa msaada wa chama chao cha akina mama, alipata ng'ombe mwingine, mtamba ambaye hajazaa bado. Asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, simu yangu ikalia.

"Daktari, nimeona damu."

Nikamwuliza kama ni nyingi. Akasema ni tone. Kisha akajisahihisha, labda ni matone mawili.

Siku hiyo nilikuwa na ng'ombe wa kupandisha upande mwingine kabisa, na ng'ombe aliye kwenye joto la kutaka dume hasubiri ratiba ya mtu. Nilikaribia kumwambia aangalie mpaka jioni. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi, nikakumbuka majirani waliosimama na majembe. Nikapanda.

Nilimkuta mtamba amesimama, macho maangavu, anatafuna. Mama akanipeleka pembeni mwa banda. Alikuwa amekichota kile kinyesi, akakiweka juu ya jani la mgomba, na akakifunika kwa bakuli ili kuku wasikichakure kabla sijafika. Alifunua bakuli taratibu, kwa mikono miwili. Kulikuwa na uzi mwembamba wa damu, ambao mimi mwenyewe ningeupita. Nilimpima mtamba, nikaona ni minyoo na mkwaruzo mdogo, nikampa dawa. Hakukuwa na hatari yoyote, na nilihisi kuudhika kidogo, kama mtu aliyepigishwa mbio. Nikamwuliza kama kweli hili lilikuwa la kuniamsha.

Akanitazama. Hakuwa ananidhihaki, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Si wewe uliniambia damu haina kidogo?"

Nilinawa, nikanywa chai yake, nikashuka. Nilipita Mwatate bila kusimama. Nilipofika Mraru niliegesha pikipiki kando ya lami, karibu na kibanda kilichofungwa. Nikajiona nilivyo. Mama ambaye hakumaliza darasa la nne alisikia neno mara moja, akalishika. Mimi niliyelisema nilikuwa navuta maji nimegeuza uso. Niliogopa siku hiyo, sitaficha. Niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kwamba watu watakuja kwenye matanga wakiuliza nilikufa na nini, na mke wangu atasema "tumbo."

Nikampigia hapo hapo. Mke wangu ni karani wa shule na simu za mchana huwa anazikata, lakini alishika. Nikamweleza yote, hata ile dawa ya kupaka ya mzee wa huko juu. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza, akauliza tu ni tangu lini, nami nikahesabu, nikamwambia.

"Rudi nyumbani," akasema. "Kesho tunaenda pamoja."

Kesho yake tulienda kituo cha afya. Tabibu aliyetupokea alikuwa msichana wa umri wa binti yetu wa kwanza, mpole, mwenye kucha fupi. Alisoma jina langu, akaniangalia, akatabasamu. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Akasema mimi ndiye niliyempandisha ng'ombe wa mama yake, na ndama wa jike aliyezaliwa ndiye aliyemlipia karo ya mwisho. Mke wangu alitazama dirishani, na mabega yake yalikuwa yanacheka. Kisha msichana akaniomba nilale ubavu wa kushoto, nikunje magoti. Alivaa glavu. Ilikuwa fupi, inaishia kwenye kifundo cha mkono. Kitu nilichokiogopa kwa miezi saba kilichukua muda mfupi kuliko kumfunga ng'ombe kamba.

Akanikalisha akaniuliza kuhusu jamaa zangu, kama kuna aliyewahi kuugua utumbo. Nikasema baba, tumbo, sijui tumbo gani. Akasema ni muhimu tujue. Nikampigia mama yangu pale pale, nikaweka simu mezani wasikie wote.

Mama akasema tumbo lile lilianza na damu. Mwaka mzima wa damu, na baba alikuwa amemkataza kusema, kwa kuwa yale ni mambo ya ndani. Walipofika hospitali waliambiwa ni kansa na imeshasambaa.

"Nilinyamaza akiwa hai," mama akasema, "na alipokufa nikaona kusema ni kumvua nguo."

Nilikasirika. Nilikasirika njia nzima ya kurudi nyumbani, na chakula cha mchana sikukigusa. Miaka ishirini na moja tangu tumzike baba, na hakusema. Kisha nikakumbuka nimewaficha watu wangu kitu kile kile kwa miezi saba, na kwamba mama angalau alikuwa anamtunzia mtu heshima yake, mimi nilikuwa najitunzia yangu. Jioni nilimpigia tena, nikamshukuru kwa kusema. Akalia, nami nikalia.

Yule tabibu aliniandikia barua ya kwenda Mombasa kupimwa kwa mrija wenye kamera. Alinieleza kwamba kwa mtu anayeona damu, ndicho kipimo anachohitaji. Siku moja kabla, nilikunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita kwa lita, na kuhusu mchana ule nitasema tu kwamba nimewahurumia ng'ombe wote niliowahi kuwapa dawa ya kuharisha. Kipimo chenyewe sikukisikia. Nilichomwa sindano, nikaanza kumweleza nesi habari za mtamba wa Wusi, nikazinduka kimeshakwisha.

Walikuta vinyama viwili vimeota kwenye ukuta wa utumbo mpana. Kimoja kidogo, walikikata palepale. Kingine kilikuwa kama ncha ya kidole gumba, na majibu ya maabara yaliporudi, kilikuwa kimeshageuka saratani. Daktari bingwa, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alinichorea utumbo kwenye karatasi. Akaniambia saratani imeanza lakini haijavuka ukuta. Akaniambia vinyama hivi huota kimyakimya na huchukua miaka kugeuka, ndiyo maana mtu hupaswa kupimwa angali hajisikii chochote, akifika miaka arobaini na mitano, au mapema zaidi kama kwao ugonjwa umewahi kuingia. Nikamwuliza ingekuwaje kama ningengoja mwaka mmoja tena. Alikunja ile karatasi, akanipa niende nayo.

Walinipasua, wakatoa kipande cha utumbo, wakaunganisha. Nilikaa wodini siku tisa. Mke wangu alilala kwa dada yake Likoni na kila asubuhi alivuka feri kuniletea uji. Siku niliyotoa hewa kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji, wodi nzima ilinipongeza, maana hapo ndipo madaktari hujua utumbo umeamka. Sijawahi kupongezwa hivyo kwa lolote nililofanya maishani. Sikuhitaji dawa nyingine zaidi ya kidonda kupona na kurudi kupimwa kila nilipoagizwa. Nimerudi, na mpaka leo ni safi.

Tuko watoto watatu nyumbani. Dada yangu alipimwa mwezi uo huo, hakuwa na kitu. Kaka yangu, anayelima Chala, aliniambia kwenye simu kwamba yuko kwenye mavuno na hana dalili yoyote. Nilimwambia baba naye alikuwa na mavuno. Akakata simu. Zikapita wiki nne, kisha akajitokeza nyumbani kwangu Voi na mkoba wa nguo na mkungu wa ndizi, akasema twende huko kwa hao watu wako. Alikutwa na kinyama kimoja, kidogo, bado hakijageuka. Kilitolewa siku ile ile, akarudi Chala kumalizia mavuno. Hajawahi kunishukuru kwa mdomo, lakini tangu hapo ndizi haziishi kwangu.

Nilipopata nguvu ya kupanda pikipiki tena, safari ya kwanza sikwenda kazini. Nilinunua sukari, majani ya chai na unga, nikapanda Wusi. Kulikuwa na ukungu na tope. Mtamba wa yule mama alikuwa ameshazaa, na mama alikuwa anakamua. Nilingoja amalize, kisha nikakaa kwenye kigoda nikamweleza. Nilimweleza kwamba siku ile niliyomgombeza nilikuwa na damu yangu mwenyewe. Kwamba niliendelea kuificha. Kwamba aliponifunulia lile bakuli ndipo nilipoona. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya ng'ombe wake na kwa ajili ya majirani waliosikia, nikamwambia niko hai kwa sababu yake.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku ile nyingine.

"Mimi sikukwambia kitu, daktari," akasema. "Yalikuwa maneno yako. Mimi nilikuwa nimekuwekea tu."

Akaniletea maziwa. Tukakaa. Baadaye, bila kunitazama, akauliza kama ugonjwa huo ni wa wanaume. Nikamwambia hauchagui. Akauliza, na mtu ambaye haoni damu yoyote, ambaye yuko sawa tu? Nikamweleza kwamba kuna damu ambayo jicho haliioni, na kuna kipimo chake: unapewa kikopo kwenye kituo cha afya, unaweka choo kidogo, unarudisha. Wakiona kitu, ndipo wanakutuma kwenye kamera. Akatikisa kichwa, akasema ya kuwa yeye hana tatizo, akaanza kuongea kuhusu bei ya pumba. Nilishuka nikijua nimefanya nilichoweza.

Jumatatu iliyofuata simu ililia nikiwa kwenye banda la mtu, mkono mzima umo ndani. Mwenye ng'ombe akanishikia simu sikioni. Alikuwa yule mama. Yuko kituoni, akasema, amepewa kikopo, na amewauliza kama angeweza kutumia jani la mgomba na bakuli kama alivyozoea, wakacheka, wakasema hapana. Sasa anataka kujua kutoka kwangu: alete kabla ya kukamua au baada?

Nikamwambia wakati wowote, mama, wakati wowote.

Sikulala vizuri wiki mbili zile. Nilipima ng'ombe wa watu nikiwaza kikopo cha mtu mmoja. Kisha asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, simu ikalia, nami nikaketi kitandani kabla ya kuipokea, na mke wangu akanishika mkono. Majibu yalikuwa yametoka jana yake. Hawakuona damu.

"Nimekupigia mapema," mama akasema, "usije ukanigombeza."